Uzi: Nondo wa machweo wa Madagaska, mdudu anayeishi pale tu unapoota mmea wake

#1 Mzee wa Vichaka (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu: mdudu wa mabawa meusi yaliyopigwa kijani, buluu, dhahabu na wekundu uliokolea, na nyuma ana mikia. Maelezo yake hubadilika kila inapotumwa. Leo ni kipepeo wa Amazon, kesho ni kazi ya kompyuta. Mdudu mwenyewe yupo, ila Amazon hajawahi kufika na wala si kipepeo. Ni nondo anayeruka mchana, jina lake la kisayansi ni *Chrysiridia rhipheus*, na dunia nzima anapatikana Madagaska peke yake. Wengi humwita nondo wa machweo kwa ajili ya rangi hizo.

Uzuri wake kila mwenye macho anauona, sina la kuongeza. Kilichonifanya nilete uzi ni makazi yake. Ukiuliza anaishi wapi ukajibiwa "Madagaska", umepewa nusu ya jibu. Anaishi pale panapoota mimea ya jenasi iitwayo *Omphalea*. Hiyo isipokuwepo, hata msitu uwe mzuri vipi, utamwona akipita tu, hatazaa hapo.

Historia yake nayo ina kichekesho. Mtu wa kwanza kumwandika kisayansi alikuwa Mwingereza Dru Drury, sonara wa fedha wa London aliyekuwa na uchu wa kukusanya wadudu. Mwaka 1773 alimchapisha kwa jina la *Papilio rhipheus*, yaani alimweka kwenye kundi la vipepeo. Mdudu aliletewa na nahodha mmoja wa Hamburg, akaambiwa katoka China au Bengal. Kwa hiyo kwenye maandishi yake ya kwanza kabisa nondo huyu aliitwa kitu asicho, akapewa na nchi asiyotoka. Jina la jenasi tunalotumia sasa, *Chrysiridia*, lilitolewa na Mjerumani Jacob Hübner mwaka 1823.

Ukubwa wake: mabawa yakitandazwa ni kama sentimita 7 hadi 9 kutoka ncha hadi ncha. Pembeni mabawa yana matamvua meupe, na yale ya mabawa ya nyuma ni mapana zaidi. Mikia ni sita, mitatu kila upande, na hukatika kwa urahisi. Kingine ambacho picha za mitandaoni huwa hazikionyeshi vizuri ni kwamba michoro ya kulia na kushoto mara nyingi hailingani. Doa jekundu la bawa moja linaweza kuwa pana na limejongea, la upande wa pili likawa jembamba. Hiyo ni kawaida yake, msidhani aliyepigwa picha ana kilema.

Nitaendelea kushusha kidogo kidogo. Wenye maswali karibuni.

#2 Kiroboto

Mkuu umeshusha nondo kuhusu nondo. Nimekaa siti ya mbele, endelea.

#3 Binti wa Bandarini

Mzee shikamoo. Mimi nilifundishwa nondo ni wa usiku, wana rangi ya vumbi, wanagonga taa. Huyu anaruka mchana na amependeza kuliko vipepeo wote niliowahi kuona. Sasa nani kaamua kuwa ni nondo?

#4 Mzee wa Vichaka

Marahaba binti yangu. Mchana na usiku si kipimo. Wapo nondo wengi wa mchana, hata huko uliko ukiangalia vizuri maua ya saa sita utawakuta.

Tazama papasi, zile nywele mbili za kichwani. Za kipepeo huishia na kinundu kwenye ncha. Za huyu ni nyembamba mwanzo mwisho, hazina kinundu. Halafu ukiangalia ukoo wake, familia ya Uraniidae, ndugu zake wengi ni nondo wa kawaida kabisa wa usiku, wa rangi hiyohiyo ya vumbi unayoisema. Kitawi kimoja cha familia ndicho kilichohamia mchana na kuvaa rangi.

Sababu ya kuvaa rangi ipo, na inarudi kwenye ule mmea. Nitaifikia.

#5 Fundi Saa

Nimewahi kusikia kwamba hizo rangi si rangi, kwamba ukisaga bawa unapata unga wa kahawia tu. Kuna ukweli au ni stori za kijiweni?

#6 Mwalimu Mwanga

Naomba nilijibu hili, ndilo somo ninalofundisha.

Fundi, ulilosikia lina ukweli mkubwa. Sehemu zile zinazong'aa hazina wino wa kijani wala wa buluu. Bawa limefunikwa na magamba madogo sana, yamepangwa safu kwa safu kama vigae vya paa. Kila gamba ndani yake lina matabaka membamba mno, katikati ya tabaka na tabaka kuna hewa. Mwanga ukiingia, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la juu, nyingine kutoka la chini yake, na kuendelea. Mawimbi hayo yakikutana, urefu fulani wa wimbi huongezeana nguvu na mwingine hufutana. Unachokiona ni kile kilichoongezwa nguvu. Unene wa tabaka ukibadilika kidogo, rangi inabadilika.

Hadi hapo ni jambo linalojulikana kwa wadudu wengi wanaong'aa. Huyu wa Madagaska ana la ziada. Magamba yake hayakulala bapa, yamepinda kama tao. Mwanga unaopiga kilele cha tao hurudi moja kwa moja machoni kwako. Mwanga unaopiga mteremko wa tao hurukia gamba la jirani, ndipo nalo linaurudisha juu. Kwa kuwa safari hii ya pili ina pembe tofauti, rangi yake nayo huwa tofauti. Jicho linapokea zote mbili kwa pamoja, linaona mchanganyiko. Wajapani wawili, Yoshioka na Kinoshita, walilieleza hili mwaka 2007, wakaonyesha kuwa ukitazama bawa hilo kupitia kioo cha kuchuja mwanga kwa mwelekeo, ukakizungusha kioo, rangi ya sehemu ileile inageuka, kwa sababu unaizuia njia moja na kuiacha nyingine.

Kwa hiyo picha mbili za nondo yuleyule zinaweza kutofautiana sana, kutegemea jua lilikuwa wapi. Wanaosema "hii imeongezwa rangi" wakati mwingine wanabishana na jua.

#7 Fundi Saa

Mwalimu nimekuelewa kuliko nilivyoelewa miaka yote ya shule. Ubarikiwe.

#8 Shamba Darasa

Mleta mada, mimi nina pingamizi. Umesema bila mmea huo mmoja hawezi kuishi. Lakini nimesoma mahali kwamba nondo huyu hunyonya maua ya mikaratusi, miembe na chai. Mikaratusi ni ya Australia, chai ya Asia, miembe nayo ya Asia. Mdudu anayekula vya wageni namna hiyo ameshazoea mazingira mapya. Hii habari ya "mmea mmoja tu" naona imetiwa chumvi.

#9 Mzee wa Vichaka

Ndugu yangu Shamba, hoja yako ni nzuri na ulichosoma ni kweli. Maua ya mikaratusi anayaendea, miembe pia, chai pia. Anapenda zaidi maua meupe au yenye unjano kwa mbali. Ila hapo umezungumzia mdudu mzima anayeruka. Mzima anatafuta mbochi, na mbochi ni maji ya sukari, wa ua lolote unaomfikia unamtosha. Atakunywa popote.

Mtoto ndiye mwenye masharti. Tumfuate tangu yai.

Mama hutaga chini ya jani la *Omphalea*, mayai kwa makundi, yanaweza kufika 80 hivi. Viwavi wakitoka ni wadogo mno, na jani walilozaliwa juu yake ni hatari kwao. Mmea huu ni wa familia moja na mhogo, mbarika na mpira, na mnajua familia hiyo ilivyo: ukiikwangua inatoa utomvu. Kiwavi mchanga akikata mshipa wa jani, utomvu unaweza kumnasa. Kwa hiyo anakula nyama ya jani iliyo katikati ya mishipa, mishipa anairuka. Jani linabaki na matundu, mifupa yake imesimama. Akianguka au kusumbuliwa, ananing'inia kwa uzi wa hariri anaoutoa mdomoni, kisha anaupanda kurudi.

Akishajivua ngozi mara kadhaa akawa mkubwa, mambo yanabadilika. Sasa anakula kila kitu: mishipa, vikonyo, maua, hata matunda, utomvu haumshughulishi tena. Rangi yake ni manjano yenye weupe, madoadoa meusi, miguu myekundu, na mwili una nywele ndefu nyeusi chache ambazo ncha zake zimevimba kidogo. Baadaye hufuma kifukofuko chenye nyavu zilizo wazi, kazi inayomchukua karibu saa 10, akageuka pupa humo. Wiki tatu hivi zikipita anatoka nondo.

Sasa sumu. Mimea ya *Omphalea* ina kemikali za jamii ya alkaloidi ambazo umbo lake linafanana na sukari. Mnyama akizila, vimeng'enya vyake vinavyoshughulikia sukari vinazipokea kama sukari halisi, vinakwama. Kiwavi huyu anazila, zinabaki mwilini, na hazimdhuru. Anapogeuka nondo bado anazo. Ndiyo maana anaweza kuruka mchana kweupe mbele ya ndege akiwa amevaa rangi zote zile. Binti wa Bandarini, hii ndiyo sababu niliyokuahidi. Rangi ni tangazo kwa ndege kwamba hapa hapaliki.

Kwa hiyo Shamba, ukimwondolea *Omphalea* hujamnyima chakula tu, umemnyima na silaha. Mikaratusi inampa mafuta ya safari. Haimpi mtoto.

#10 Shamba Darasa

Sawa, hapo kwenye kutofautisha mtoto na mzima umenishika. Bado nauliza: kwa nini kiwavi asijaribu majani ya mhogo, si ni familia moja?

#11 Dada Mimea

Nikusaidie hilo, Shamba. Familia hiyo, Euphorbiaceae, ina maelfu ya spishi. Mhogo nao una sumu yake, ile ya sianidi, ambayo ni tofauti kabisa na ya *Omphalea*. Kiwavi aliyejengeka kuhimili sumu moja hana kinga ya nyingine. Na kabla hata ya kufika huko, mama ndiye anayechagua. Nondo jike anautambua mmea kwa kemikali zake, asipozipata hatagi. Mtoto hajichagulii chakula.

Niongeze kitu kuhusu mmea wenyewe, maana watu wa wadudu huwa wanautaja kwa pupa kama sahani tu ya kulia. Madagaska ina spishi nne za *Omphalea*. Tatu, yaani *O. occidentalis*, *O. palmata* na *O. ankaranensis*, ziko upande wa magharibi na kaskazini, kwenye misitu mikavu inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Hiyo *ankaranensis* imepewa jina la Ankarana, kule kaskazini kwenye miamba ya chokaa iliyochongoka, na ilielezwa na mtaalamu wa mimea Lynn Gillespie mwaka 1997. Zamani sana? Hapana, juzi tu. Ya nne, *O. oppositifolia*, iko mashariki peke yake, kwenye misitu ya mvua isiyokauka.

Na mmea hauketi tu ukisubiri kuliwa. Pale kikonyo kinapokutana na bapa la jani, kuna vitezi viwili vidogo vinavyotoa mbochi. Huo si wa maua, ni chambo cha sisimizi. Sisimizi wakija kunywa wanazungukazunguka jani na kushambulia vijidudu vinavyolila. Ni ulinzi wa kulipwa. Viwavi wa nondo huyu wanapita katikati ya walinzi hao, na huenda zile nywele ndefu alizozitaja Mzee zinawasaidia.

#12 Kiroboto

Subirini kwanza. Dada Mimea amesema tatu ziko magharibi na zinapukutisha majani. Kiangazi kikija viwavi wanakula nini?

#13 Mzee wa Vichaka

Umeuliza penyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo habari yake yote ilipo.

Madagaska imegawanyika. Magharibi ni pakavu, mvua inanyesha kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha miezi mingi ya ukavu. Mashariki, pepo za kutoka Bahari ya Hindi zinagonga milima na kunyesha karibu mwaka mzima. Katikati kuna nyanda za juu, nyingi zimepita mita 1,200, na leo sehemu kubwa ni majani mafupi, mashamba ya mpunga na mikaratusi iliyopandwa. Magharibi majani yakiisha, upande wa mashariki *O. oppositifolia* bado ni ya kijani. Nondo hawa huhama kati ya pande hizo mbili. Idadi yao hupanda na kushuka kwa mwaka: wengi zaidi kati ya Machi na Agosti, wachache kabisa Oktoba hadi Desemba.

Sasa rudini kwenye hoja ya Shamba kuhusu mikaratusi. Mdudu anayevuka nyanda hizo anahitaji kunywa njiani, na mikaratusi ipo. Kwa hilo, mti wa kigeni umemfaa.

Lakini kupukutika kwa majani si sababu pekee ya kuhama. Kule Panama kuna nondo wa ukoo huuhuu, *Urania fulgens*, mweusi wa mistari ya kijani, naye anakula *Omphalea* ya huko. Miaka fulani wanapita kwa makundi makubwa mno, siku nyingi mfululizo, wote uelekeo mmoja, na pale hakuna kiangazi cha kupukutisha kila kitu. Neal Smith, mtafiti wa taasisi ya Smithsonian iliyoko Panama, aliwafuatilia kwa miaka mingi, akachapisha mwaka 1983 maelezo haya: mmea ukiliwa vizazi kadhaa mfululizo, unaongeza sumu. Unafika mahali hata viwavi waliozoea wanashindwa. Hapo nondo wazima wanahama kutafuta *Omphalea* ambazo hazijaliwa karibuni, zile zilizoachwa nyuma nazo zinapumzika, sumu inashuka.

Kwa hiyo usiwaze nondo huyu ana nyumba moja. Ana mashamba kadhaa yaliyo mbalimbali, anazunguka kati yake.

#14 Binti wa Bandarini

Mzee, hapo kwenye mashamba kadhaa ndipo panaponitia wasiwasi. Wakikata msitu wa upande mmoja tu?

#15 Mzee wa Vichaka

Jibu liko Jamaika, binti yangu, na halipendezi.

Jamaika ilikuwa na nondo wake wa ukoo huu, *Urania sloanus*, jina la kumkumbuka Hans Sloane, daktari na mkusanyaji wa viumbe wa zamani wa Uingereza. Alikuwa mweusi mwenye kijani, buluu na wekundu, na wapo wanaosema ndiye aliyekuwa mzuri kuliko *Urania* wote. Hakuwa na makazi mengine nje ya kisiwa hicho. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1894 au 1895, zipo na taarifa zinazosogea hadi 1908. Baada ya hapo hakuna.

Hakuna aliyewawinda wakaisha. Misitu ya mabondeni ilifyekwa kupisha kilimo, *Omphalea* zikabaki vipande vipande. Mmea wenyewe haukutoweka Jamaika, upo hadi leo. Nondo ndiye aliyeshindwa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni haya ya kuzunguka: vipande vilivyobaki havikutosha kumpa pa kwenda pale mmea wa hapa unapokasirika.

Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia "mbuga ile imehifadhiwa, nondo yuko salama". Kwa mdudu wa aina hii kuhifadhi upande mmoja ni sawa na kutohifadhi. Magharibi mwa Madagaska misitu mikavu imechomwa na kukatwa vibaya sana, na hiyo ndiyo yenye spishi tatu kati ya nne.

#16 Mpenda Hela

Mimi naomba kuuliza la maana. Hawa hawafugiki? Nasikia wazungu wananunua.

#17 Mzee wa Vichaka

Wananunuliwa, si siri. Enzi za malkia Victoria mabawa yao yalitiwa kwenye vito vya kuvaa, na hadi leo wakusanyaji wanawataka. Madagaska kwenyewe wapo wanaofuga kwa ajili ya soko hilo. Ila kumbuka mambo mawili. Kwanza ni lazima uoteshe mmea, na uwe nao mwingi, kwa sababu kiwavi mkubwa anafagia. Pili, mnunuzi anataka mikia sita kamili, na mikia hiyo nimeshakwambia ilivyo laini. Nondo akiruka siku chache porini tayari amepoteza mmoja. Kuwakamata porini ili uuze ni kuvunja mikia tu.

#18 Mpenda Hela

Basi nimeghairi, narudi kwenye kuku.

#19 Mpemba Halisi

Assalaam alaykum wana uzi. Nimesoma kimya kimya tangu juu. Swali langu: huyu wa Madagaska hana ndugu upande wetu? Maana utotoni nilikuwa nikiona wadudu weusi wanaong'aa kijani, wanaruka juu juu kwenye miti mikubwa saa za asubuhi, na watu wazima wakisema vipepeo tu.

#20 Mzee wa Vichaka

Waalaykum salaam. Nilikuwa nasubiri nani atauliza.

Jenasi ya *Chrysiridia* ina spishi mbili tu duniani. Moja ni ya Madagaska. Ya pili ni *Chrysiridia croesus*, na makazi yake ni huku kwetu: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Msumbiji, hadi Zimbabwe. Ilielezwa na Mjerumani Gerstaecker mwaka 1871, akaipa jina la Croesus, yule mfalme wa kale aliyesifika kwa utajiri. Mwonekano wake umetulia zaidi: nyeusi na kijani ndizo zinazotawala, wekundu ule wa Madagaska haumo kwa wingi. Uliyemwona utotoni sitakuapia kuwa ndiye, kwa kuwa wapo vipepeo weusi wenye kijani kwenye misitu hiyohiyo. Ila saa, mahali na namna ya kuruka vinakubaliana.

Na chakula cha watoto wake? *Omphalea* tena. Ya huku inaitwa *Omphalea mansfeldiana*, mmea wa misitu ya Kenya ya kusini mashariki na Tanzania ya mashariki.

Sasa tandaza ramani ya dunia mbele yako. Amerika ya kati na kusini: *Urania*, anakula *Omphalea*. Afrika mashariki na Madagaska: *Chrysiridia*, anakula *Omphalea*. Queensland huko Australia: *Alcides metaurus*, nondo wa mchana wa ukoo huohuo, anakula *Omphalea queenslandiae*. David Lees na huyo Neal Smith waliyakusanya haya kwenye kazi yao ya mwaka 1991 kuhusu mimea ya ukoo huu wa nondo, na ukiiweka pamoja hivyo unaona kuwa bahari zimewatenganisha wadudu na mmea hadi spishi zimekuwa tofauti, lakini makubaliano yao hayakuvunjika popote.

#21 Mpemba Halisi

Mashaallah. Yaani miaka yote tunaagiza picha za Madagaska kumbe ndugu yuko uani.

#22 Mwalimu Mwanga

Niulize mimi sasa. Mlango wa Msumbiji ni kama kilomita 400 pale pembamba. Kuna anayefikiri nondo walivuka wenyewe?

#23 Dada Mimea

Mwalimu, tukitazama umri, Madagaska iliachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Spishi mbili zinazofanana kiasi hiki haziwezi kuwa zimekaa mbalimbali kwa muda wote huo. Kwa hiyo kuna aliyevuka baadaye. Nondo anaruka, na ukoo wake ni wa wahamaji, hilo si gumu kulifikiria. Kitendawili kigumu zaidi ni mmea, maana ni lazima ulitangulia kufika. Nondo akitua mahali pasipo na mmea, anakunywa maua yake, anazeeka, anakufa, habari imeisha.

#24 Shamba Darasa

Naondoa pingamizi langu rasmi.

#25 Kijana wa Usambara

Wakubwa zangu, mimi naishi jirani na msitu na huwa naingia na watafiti wa ndege. Huyo *mansfeldiana* nitamtambuaje? Nikiona jani nitajua?

#26 Dada Mimea

Kwa jani peke yake kwa mbali hutajua, mdogo wangu, misitu hiyo ina mimea mingi yenye majani ya namna hiyo. Lishike jani, fuata kikonyo hadi kinapoungana na bapa, tazama pale kwenye maungio. Ukiona vitezi viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, hiyo ni dalili ya kwanza. Ukikuta na sisimizi wamekusanyika hapohapo wakinywa, dalili inaongezeka uzito. Kisha geuza majani mengi, hasa yale yenye matundu. Jani lililoliwa nyama likabaki mishipa lina maana kubwa kuliko jani zima.

Utomvu wake usiuguse ovyo na usiutie mdomoni wala machoni. Na usikate mmea kuupiga picha, pandisha simu juu.

#27 Mzee wa Vichaka

Naongezea kwa kijana. Usiangalie chini tu. Nondo wazima huwa juu kwenye maua ya vilele vya miti, hasa jua likiwa limetoka vizuri baada ya mvua. Ukipata mahali penye uwazi, ukingo wa msitu au mti ulioanguka, simama hapo. Wadudu wengine wakirukaruka bila mpangilio na mmoja akapita moja kwa moja kama mwenye safari, huyo mfuate kwa macho uone anatua wapi.

Ukimpata, piga papasi kwanza, mabawa baadaye. Andika tarehe, saa, na ua alilokuwa analinyonya kama unalifahamu. Lete hapa, uzi haufungwi.

#28 Kijana wa Usambara

Nimeelewa. Jumamosi tunaingia, mvua zimeanza wiki hii. Nitaanza na ule upande wa mtoni uliofunguka baada ya mti kuanguka.

#29 Kiroboto

Na mkia uhesabiwe, dogo. Mzee amesema ni laini.